McCartney Baada ya Beatles: Hukumu Inayostahili Kukatiwa Rufani

Miongoni mwa wapenda muziki wa roki kuna hukumu moja ya zamani ambayo hadi leo watu huirudia pasipo kuichunguza. Husemwa kwamba Paul McCartney alikuwa mtu mkubwa alipokuwa pamoja na wenzake watatu katika bendi ya Beatles, na kwamba baada ya kutoka humo mwaka 1970 hakufanya lolote ila kutunga nyimbo nyepesi za kubembelezea watoto. Hukumu hiyo waliitoa wahakiki wa magazeti ya London na New York mara tu bendi ilipovunjika, wakati ambapo hasira zilikuwa bado moto na mashahidi wengi hawajasema neno. Sisi twaona kwamba yafaa kukatiwa rufani. Hatudai kwamba mshitakiwa hana kosa hata moja. Makosa anayo, na tutayataja. Lakini adhabu aliyopewa na kosa alilotenda havilingani.

Wasomaji wetu walioko kambini na vituoni watakuwa wanalijua jina la Beatles, hata wale ambao hawajapata kuzisikiliza santuri zao. Walikuwa vijana wanne wa Liverpool, mji wa bandari wa kaskazini-magharibi ya Uingereza. McCartney alizaliwa humo tarehe 18 Juni, 1942. Baba yake alikuwa muuzaji wa pamba ambaye zamani aliongoza bendi ndogo ya jazi. Mama yake alikuwa muuguzi na mkunga, naye alifariki dunia kijana huyu alipokuwa na umri wa miaka 14. Mwezi Julai, 1957, kwenye sherehe ya kanisa, alikutana na John Lennon, na tangu siku hiyo wakawa wakitunga nyimbo wawili wawili, huyu akianza na yule akimalizia. Kuanzia mwaka 1962 walipotoa santuri yao ya kwanza, hadi mwaka 1970, hapakuwa na bendi nyingine duniani iliyosikilizwa kama hiyo.

Shitaka la kwanza dhidi ya McCartney ni la utoro. Kwa mtu aliyevaa sare, neno hilo si la mchezo, na kwa hiyo inafaa tarehe zitazamwe moja baada ya nyingine. Mpiga ngoma Ringo Starr aliondoka mwezi Agosti, 1968, akakaa mbali kwa muda wa majuma mawili hivi, kisha akarudi. Mpiga gitaa George Harrison aliondoka mwezi Januari, 1969, naye akarudi. Lennon mwenyewe, aliyeianzisha bendi, aliwaambia wenzake mwezi Septemba, 1969, kwamba yeye amekwisha toka, lakini akaombwa asitangaze kwa sababu ya mikataba iliyokuwa mezani. Wa mwisho kutoka, basi, alikuwa McCartney. Alinyamaza kwa miezi kadhaa, kisha tarehe 10 Aprili, 1970, akatoa tamko kwa magazeti pamoja na habari za santuri yake mwenyewe, na kesho yake dunia nzima ikaamini kwamba ni yeye aliyeivunja nyumba. Hapo ndipo tunapoona kosa lake. Kuitangaza habari ya msiba huku ukiuza bidhaa yako ni jambo lisilopendeza, na wenzake walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mwenye kutangaza kifo siye aliyeua.

Shitaka la pili ni kwamba aliwapeleka rafiki zake mahakamani. Hilo ni kweli. Wenzake watatu walikuwa wamemchagua Allen Klein, mfanyabiashara wa New York, awe meneja wao; McCartney alimkataa. Wanasheria wakamweleza kwamba hawezi kumshitaki Klein bila ya kuuvunja ushirika wenyewe, na ushirika ulikuwa ni wale wanne. Tarehe 31 Desemba, 1970, alifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London, na mwezi Machi, 1971, jaji akakubali hoja zake na kuziweka mali za bendi chini ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa kesi hiyo alichukiwa sana. Hata hivyo, mwaka 1973 wale watatu nao waliachana na Klein na kuanza kushitakiana naye, na mwaka 1979 Klein alitiwa hatiani huko Marekani kwa kutoa hati ya uongo ya kodi, akafungwa. Twauacha ushahidi huo ujisemee.

Yatosha kwa mambo ya mahakama. Tuje kwenye muziki, ambao ndio kiini cha rufani yetu.

McCartney alijificha kwenye shamba lake la Kintyre, rasi ya magharibi ya Uskoti ambako upepo wa bahari hauishi. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba katika miezi hiyo alikunywa pombe kupita kiasi na kulala mchana kutwa, akiwa mtu wa miaka 27 asiyejua la kufanya baada ya kazi pekee aliyoijua kumalizika. Aliyemwinua ni mkewe, Linda, Mmarekani mpiga picha. Santuri yake ya kwanza ya peke yake alikuwa amekwisha irekodi nyumbani kwake London kwa mtambo mdogo wa njia nne, akipiga mwenyewe gitaa, besi, kinanda na ngoma. Wahakiki waliicheka, wakisema ni kazi isiyokamilika. Mwaka uliofuata, 1971, alitoa santuri iitwayo Ram, aliyoirekodi zaidi New York na kuiandika kwa majina mawili, lake na la mkewe. Hiyo nayo ilishambuliwa kwa maneno makali, na Lennon akaijibu kwa wimbo mzima wa kumtukana rafiki yake wa zamani, huku Harrison akipiga gitaa katika wimbo huo huo.

Leo santuri hiyo ya Ram huhesabiwa na wahakiki wengi, wakiwamo vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo, miongoni mwa kazi zake bora kabisa. Nini kilichobadilika? Muziki uliomo ni ule ule. Kilichobadilika ni msikilizaji. Mwaka 1971 watu walitaka kutoka kwake santuri ya Beatles, au basi santuri ya maungamo na machozi kama ile aliyotoa Lennon mwaka 1970. Yeye akawapa nyimbo za shamba, za kondoo, za mke na chakula, zenye sauti za ajabu ajabu zilizopangwa kwa ustadi mkubwa. Walimhukumu kwa kipimo cha kitu ambacho hakuwa amekusudia kukifanya.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo, kwa maoni yetu, wasomaji wetu wanaweza kulipima vizuri kuliko wahakiki. Aliunda bendi mpya, Wings, na akaanza upya tangu chini, kama sajini meja aliyevua cheo chake kwa hiari na kurudi kusimama katika mstari wa makuruta. Mkewe, ambaye hakuwa mwanamuziki, alijifunza kinanda mbele ya macho ya watu na kuchekwa nao. Mwezi Februari, 1972, walipanda gari pamoja na watoto na mbwa, wakazunguka vyuo vikuu vya Uingereza pasipo matangazo yoyote. Wakifika chuoni walikuwa wakiuliza kama kuna ukumbi ulio wazi. Cha kwanza kuwapokea kilikuwa Chuo Kikuu cha Nottingham. Kiingilio kilikuwa kama nusu pauni, na fedha ziligawanywa sawasawa baina yao. Wala hakupiga hata wimbo mmoja wa Beatles. Mtu ambaye miaka sita iliyopita alikuwa akijaza viwanja vya michezo vya Marekani alisimama mbele ya wanafunzi mia chache, akiimba nyimbo ambazo hazijapata kusikika, na bendi yenyewe ilikuwa bado haijakomaa. Tunakubali kwamba santuri ya kwanza ya Wings ilikuwa dhaifu. Lakini mwenye kusema kwamba mtu huyu alipenda raha na njia nyepesi, na atuambie ni mwanamuziki gani mwingine wa kiwango chake aliyewahi kujitia katika jaribio la namna hiyo.

Mwezi huo huo bendi ilitoa wimbo ambao askari hawawezi kuupita kimya. Tarehe 30 Januari, 1972, askari wa Kikosi cha Parachuti cha Uingereza waliwapiga risasi raia waliokuwa wakiandamana katika mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini. Watu 13 walikufa siku ile, na mwingine baadaye. McCartney, ambaye jamaa zake wana asili ya Ireland, na ambaye katika bendi yake alikuwamo mpiga gitaa kutoka Ireland ya Kaskazini, alitunga haraka wimbo wa kuitaka Uingereza iiachie nchi hiyo. BBC iliupiga marufuku. Kama wimbo, si mzuri sana. Maneno yake ni ya pupa. Lakini ukweli ni kwamba mtu aliyesemwa kuwa hana msimamo wa lolote ndiye aliyesema neno hilo, na kwamba mwaka 2010, baada ya uchunguzi mrefu, Waziri Mkuu wa Uingereza alisimama bungeni na kukiri kwamba mauaji yale hayakuwa na haki.

Kuhusu polisi, hatuwezi kusema kwamba uhusiano wao na McCartney ulikuwa mwema. Mwaka 1972 alikamatwa Sweden kwa bangi akatozwa faini. Mwaka huo huo askari wa Uskoti walikuta katika banda lake la kioo, kule shambani, mimea ambayo haikuwa nyanya, na Machi, 1973, mahakama ya Campbeltown ikamtoza pauni 100. Hapa wasomaji wetu wa idara ya upelelezi watatabasamu, nao wana haki.

Sasa tufike Lagos, maana bila ya Lagos rufani hii haina shahidi mkuu.

Katika mwaka 1973 McCartney alichoka na London, akaiomba kampuni yake ya santuri, EMI, orodha ya miji mingine duniani yenye studio zake. Akachagua Lagos, akiwazia jua na pwani. Nigeria ilikuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika Januari, 1970, na ilikuwa chini ya serikali ya kijeshi ya Jenerali Gowon. Mwezi wa Agosti ni wa mvua huko, jambo ambalo inaonekana hakuna aliyemwambia. Siku chache kabla ya safari mpiga gitaa wake alijiuzulu baada ya ugomvi, na katika saa za mwisho kabisa mpiga ngoma naye akapiga simu kusema kwamba hatakwenda. Kamanda aliyepotewa na nusu ya kikosi usiku wa kuamkia safari angeweza kuiahirisha, na hakuna ambaye angemlaumu. McCartney alipanda ndege pamoja na mkewe, mpiga gitaa Denny Laine na fundi mitambo Geoff Emerick.

Studio waliyoikuta Apapa, karibu na bandari, ilikuwa na mtambo wa njia nane na vifaa vichache. Kazi ya ngoma aliichukua McCartney mwenyewe, pamoja na besi na sehemu kubwa ya magitaa. Usiku mmoja, alipokuwa akitembea kwa miguu na mkewe ingawa walikuwa wameonywa, majambazi waliokuwa katika gari waliwazuia na kuwatolea kisu. Walichukua kila kitu, pamoja na kanda alizokuwa amezirekodi nyumbani zenye nyimbo mpya na karatasi za maneno yake. Wezi hawakujua walichokichukua. Yawezekana walizifuta zile kanda na kurekodia kitu kingine. McCartney alilazimika kuzikumbuka nyimbo zote kwa kichwa. Muda si mrefu baadaye alianguka studioni, pumzi zikamwishia, na mkewe akadhani amekufa. Daktari alisema ni mshituko wa mapafu uliotokana na kuvuta sigara kupita kiasi.

Hayo hayakutosha. Fela Ransome-Kuti, mpiga saksafoni na mwimbaji aliyekuwa mfalme wa muziki mjini Lagos, alitangaza hadharani kwamba Waingereza hawa wamekuja kuiba muziki wa Waafrika. Haikuwa tuhuma ya kupuuzwa, maana wizi wa namna hiyo umetendeka mara nyingi, na sisi twaona Fela alikuwa na haki ya kuuliza. McCartney alifanya lililo sawa. Alimwalika studioni, akampigia nyimbo zote alizokwisha rekodi, ili asikie kwa masikio yake kwamba hamna kilichoibwa. Fela akaridhika. McCartney naye aliwahi kwenda kwenye klabu ya Fela, na amesimulia kwamba muziki aliousikia usiku ule ulimtoa machozi.

Kilichotoka katika dhiki hiyo ni santuri ya Band on the Run, iliyomaliziwa London na kutolewa Desemba, 1973. Jalada lake lina picha ya watu waliovaa kama wafungwa, wamenaswa ukutani na mwanga wa kurunzi ya gereza. Mmoja wao ni John Conteh, bondia wa Liverpool ambaye baba yake alitoka Sierra Leone, na ambaye mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa light-heavy. Santuri hiyo ilianza kuuzwa polepole, kisha ikapanda hadi nambari ya kwanza Marekani na Uingereza. Hata wale waliokuwa wamemtukana miaka miwili kabla waliisifu. Ukiisikiliza leo utastaajabu kwamba ni watu watatu tu waliopiga sehemu kubwa ya muziki ule mzito.

Miaka iliyofuata twaweza kuipitia kwa haraka. Mwaka 1976 Wings walizunguka Marekani ya Kaskazini na kujaza kumbi na viwanja. Mjini Seattle peke yake walikuja watu wapatao 67,000. Safari hii alikubali kupiga nyimbo chache za Beatles, kwa kuwa hakuwa tena na haja ya kuzikimbia. Mwishoni mwa mwaka 1977, wakati vijana wa London walipokuwa wamechana nguo na kuimba kwa hasira, yeye alitoa wimbo wa kuisifu ile rasi ya shamba lake, Mull of Kintyre, akisindikizwa na bendi ya zumari za mfuko ya Campbeltown. Wasomaji wetu walio katika bendi za jeshi na polisi watajua kwa nini wimbo ule ulipendwa. Ni wa mwendo wa polepole, zumari zinaingia baadaye kama kikosi kinachotokea mlimani, na mtu yeyote anaweza kuuimba akiwa anatembea. Ulikuwa wimbo wa kwanza nchini Uingereza kuuzwa nakala zaidi ya milioni 2. Wahakiki waliudharau.

Wings ilikufa kwa aibu. Tarehe 16 Januari, 1980, katika uwanja wa ndege wa Narita, maofisa wa forodha wa Japani walifungua sanduku la McCartney na kukuta bangi gramu 219, imewekwa juu juu pasipo hata kufichwa. Alilala rumande usiku tisa, kisha akafukuzwa nchini. Ziara nzima ikafutwa na wenzake wakakosa riziki yao. Kwa hilo hatuna la kumtetea. Kiongozi anayehatarisha kazi ya watu wake kwa ajili ya starehe yake amewakosea, na mwaka 1981 bendi ilikuwa imekwisha.

Desemba 8, 1980, Lennon aliuawa kwa risasi mjini New York, na hapo tunafikia jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo linaloeleza kazi yote ya McCartney baada ya 1970, nzuri na mbaya. Wengi husema kwamba alipomkosa Lennon alikosa nusu ya kipaji. Sisi hatukubali. Kipaji alikuwa nacho chote. Ram na santuri ya Lagos ni ushahidi. Alichokosa ni mtu wa cheo sawa na chake aliyeweza kumwambia, ana kwa ana, kwamba wimbo huu haufai, utupe. Katika Wings wote walikuwa chini yake, na wengine aliwalipa mishahara. Nani angethubutu? Kwa hiyo alipokuwa hana kizuizi alitoa kila kilichomjia, na ndiyo maana tunayo filamu yake ya mwaka 1984 ambayo haikutazamika, na santuri ya mwaka 1986 ambayo hata mashabiki wake hawaitaji sana. Lakini kila alipokutana na upinzani aliamka. Mwaka 1971 walikuwa ni maadui na mahakama. Lagos ilikuwa ni majambazi, mvua na upungufu wa watu. Mwaka 1982 alimrudia George Martin, mwalimu wao wa zamani wa studio, na kutoa Tug of War, yenye wimbo wa huzuni kwa ajili ya Lennon. Mwaka 1989 alitunga pamoja na Elvis Costello, mtu mwenye ulimi mkali, na kazi ikawa nzuri.

Shahidi wetu wa mwisho ni wa mwaka 2005. McCartney, mwenye miaka 63, alimwita Nigel Godrich, kijana aliyekuwa akisimamia santuri za bendi ya Radiohead. Godrich aliiondoa bendi ya McCartney studioni, akamtaka apige vyombo vingi mwenyewe, na nyimbo asizozipenda akazikataa waziwazi. McCartney amekiri kwamba alikasirika na karibu amfukuze. Hakumfukuza. Santuri iliyotoka, Chaos and Creation in the Backyard, ni ya mtu mzima anayejua anachokisema, na ndani yake hamna hata kidogo ule utamu uliozidi ambao adui zake humshitaki nao.

Msomaji anayetaka kutoa hukumu yake mwenyewe asianze na nyimbo zinazopigwa redioni kila siku. Aitafute kwanza ile ya Lagos, kisha Ram, kisha hiyo ya mwaka 2005, na mwisho McCartney III, aliyoirekodi karibu peke yake mwaka 2020, wakati maradhi ya korona yalipofunga dunia, akiwa na umri wa miaka 78, akipiga tena mwenyewe ngoma, besi na gitaa kama alivyofanya nusu karne kabla kwa ule mtambo mdogo wa njia nne.